Kasha la Nakala: Kagua Bawaba Kabla ya Kusikiliza Historia

Anayetaka kasha la njumu huko Diani hahangaiki kulitafuta. Yapo kwenye maduka ya mapambo kando ya barabara ya ufuoni, yapo kwenye vibanda vya vinyago, yapo Ukunda kwa maseremala wa kando ya lami, na ukionyesha tu kwamba una haja nalo utaletewa picha za mengine yaliyoko Mji wa Kale wa Mombasa. Shida huja baadaye. Mvua za vuli zikishapita na kaskazi ikaanza kuvuma, kifuniko kinapinda na kukataa kukaa, droo zinang'ang'ania, bawaba zinatoa maji ya kutu yanayochirizika juu ya nakshi, na chini ya miguu kunaonekana unga mweupe wa mbao ambao kila asubuhi unafagiwa na kesho yake umerudi. Mwenye kasha hulaumu hali ya hewa ya pwani. Lakini makasha ya zamani yalikaa pwani hiihii, mengine yakavuka bahari kwenye majahazi, na bado yanafunga. Ninachotaka kukuonyesha katika mwongozo huu ni kwamba kununua nakala si kosa hata kidogo. Kosa ni kulipa pesa ya hadithi ya uzee badala ya kulipa pesa ya kazi ya mikono, na kosa hilo unaweza kuliepuka kwa kukagua sehemu chache ambazo muuzaji wa hadithi hapendi uziguse.

Tuanze na neno la kuiga, maana wengi wanaliona kama tusi. Makasha tunayoyaita ya Zanzibar mengi hayakuzaliwa Zanzibar. Yalitoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi ya biashara pamoja na nguo na mchele, na mafundi wa visiwani na wa mwambao wakayatazama, wakayapenda, wakaanza kutengeneza yao. Fundi wa Unguja wa karne ya 19 aliyepiga njumu kwa mfano wa kasha la Surat alikuwa anatengeneza nakala, na hakuna mtu leo anayeidharau kazi yake. Sababu ni kwamba aliiga kitu kizima. Kasha lilikuwa chombo cha kazi: ndani yake zilikaa nguo za bibi harusi, hati za shamba, dhahabu na udi, na kwa nahodha ndilo lililokuwa kabati lake la safarini. Lilipaswa kufunga sawasawa kwenye unyevu, kubeba uzito, kuburutwa na kuinuliwa kwa mishikio ya pembeni bila kuachana. Njumu za shaba zilikuja juu ya kazi hiyo. Nakala mbovu inaiga njumu na kuiacha kazi, na ndiyo maana inaweza kukuvutia dukani na kukuudhi nyumbani.

Ulimwengu una mfano mzuri wa nakala zenye heshima, nao unatoka mahali ambapo huenda hukuutarajia. Katika bonde la Val Trompia kaskazini mwa Italia kuna viwanda vinavyotengeneza bastola za kuiga za baruti nyeusi, kwa mfano wa zile za Colt na Remington zilizotumika Marekani miaka ya 1850 na 1860. Kimojawapo, Uberti, kilianzishwa mwaka 1959. Hakuna anayedai kwamba bastola hizo ni za kale. Kila moja hupelekwa kwenye ofisi ya serikali ya majaribio huko Gardone, inafyatuliwa kwa shehena kali kuliko ya kawaida, na ikisalimika inagongwa muhuri unaoonyesha pia mwaka wa jaribio. Mnunuzi akikuta silinda ya kuzungushia risasi imelegea au chuma kimenolewa ovyo, na malalamiko ya namna hiyo yapo, ana jina la kiwanda na alama ya kumwezesha kuirudisha huko. Kasha la Diani halina ofisi ya majaribio wala muhuri. Mkaguzi ni wewe, na ukaguzi wako una thamani pale tu unapofanywa kabla pesa haijatoka mkononi.

Na kwa kuwa nimetaja bastola: kwenye baadhi ya maduka ya vitu vya kale utaona bastola za mapambo za mbao na shaba, zinazosemekana ni za Waarabu wa zamani. Ushauri wangu ni mfupi, achana nazo. Silaha halisi, hata kuukuu, inaweza kuingia kwenye Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na mfano wa silaha ukitumika vibaya nao una adhabu yake ndani ya sheria hiyo. Askari kwenye kizuizi cha barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga hawezi kujua kwa kutazama kwamba uliyobeba ni pambo, na kwenye ndege huwezi kuingia nayo mkononi.

Turudi kwenye kasha. Jambo la kwanza utakaloambiwa ni umri wake. Miaka mia, mia na hamsini, la babu yake fulani, limetoka Lamu. Hapo huna haja ya kubishana, uliza karatasi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kama kitu cha kale kila kitu cha kubebeka, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 nazo ni vitu vilivyolindwa. Anayefanya biashara ya vitu hivyo anatakiwa awe na leseni, na anayevitoa nchini anatakiwa awe na kibali. Basi muuzaji akikuambia kasha lina miaka mia na hamsini, muulize kwa upole leseni iko wapi. Akikujibu kwamba hakuna shida, mambo ni mawili. Ama kasha ni jipya, na bei yake iwe bei ya kasha jipya. Ama ni la kale kweli, na anakuuzia kitu ambacho hana ruhusa ya kukiuza. Kwa vyovyote vile ule umri hauna sababu ya kukuongezea hata shilingi moja.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya nakala mbovu ni kutafuta kitu halisi, hata kwa gharama. Pwani yetu inajua gharama hiyo ni ya nani. Vigango, vile vigingi vya kuchonga ambavyo Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda husimamisha kwa ajili ya wazee waliofariki, viling'olewa kwa miaka mingi vikauzwa kupitia maduka ya pwani hadi kwenye makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa kwa familia iliyovisimamisha mwaka 2007, na makumbusho ya sayansi ya Denver ikarudisha 30 mwaka 2019. Kila kigango kilichouzwa kiliuzwa kwa sababu mnunuzi alitaka kitu halisi, cha zamani, kilichowahi kusimama mahali pake. Kwa vitu kama hivyo nakala iliyochongwa juzi na kuuzwa kama ya juzi ndiyo bidhaa safi, na tamaa ya uhalisi ndiyo iliyowaacha wazee hao bila kumbukumbu zao. Kasha si kitu kitakatifu, lakini mlango wa Lamu ulioachanishwa na ukuta wake ili uwe meza ya hoteli umefuata njia hiyohiyo.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda na sumaku ndogo. Iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Shaba haivutwi na sumaku. Iguse kwenye njumu, kwenye bamba la kufuli, kwenye tumbuu, kwenye mishikio ya pembeni na hasa kwenye bawaba. Ikinata, hicho ni chuma kilichovishwa ngozi nyembamba ya rangi ya shaba, na upepo wa chumvi wa Diani au Msambweni utaila ngozi hiyo upesi. Kutu ya chuma haiishii kwenye chuma. Inaingia kwenye mbao kuzunguka msumari, inaitia weusi, inailegeza, na njumu zinaanza kudondoka moja moja. Muuzaji anaweza kukwambia kwamba njumu ni shaba tupu, na ikawa kweli, huku misumari iliyoshika bawaba kwa ndani ni ya chuma. Basi fungua kifuniko, pitisha sumaku ndani pia. Hapohapo tazama vichwa vya skrubu. Skrubu yenye alama ya msalaba ilienea kuanzia miaka ya 1930; kasha la karne ya 19 lenye skrubu za msalaba pande zote limetengenezwa upya sehemu hiyo, au limetengenezwa upya lote.

Kisha fungua na ufunge kifuniko mara nyingi, polepole, ukisikiliza. Bawaba iliyofungwa vizuri haigugumii. Funga kifuniko, pitisha kipande cha karatasi kwenye ufa wa mbele, kisha pembe moja hadi nyingine: karatasi ikipita kwa urahisi upande mmoja na kukwama upande wa pili, kifuniko kimeshapinda kabla hata hujakipeleka nyumbani. Chukua uzi, pima kutoka pembe hadi pembe ya kukingama juu ya sanduku, halafu pima pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikitofautiana, sanduku limekaa upogo, na droo zake hazitakaa sawa hata ukizipiga randa kila mwezi. Liweke kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa ulitikise kwa kidole. Likicheza, uliza mguu upi ni mfupi na kwa nini. Mwisho, na hili ndilo watu wengi hawalifanyi, omba msaada mligeuze juu chini. Fundi anaweka nakshi mbele, lakini tabia yake iko chini. Huko utaona kama pembe zimeungwa kwa meno yaliyoumana au kwa misumari na gundi tu, kama sehemu ya chini ni ubao au ni plaiwudi iliyopakwa rangi, na kama droo imekalia reli au inaburuzika juu ya kijiti kilichobandikwa.

Mbao ndiyo inayohitaji subira zaidi, kwa sababu kasoro zake hazionekani siku ya kununua. Mbambakofi, mvule na msaji ni mbao ngumu, zinavumilia wadudu na unyevu, na bei yake inajulikana kuwa ya juu. Mwembe na mwarobaini ni mbao za kwetu, zinapatikana bila kugusa misitu ya kaya, na fundi mwangalifu anaweza kutengeneza kasha zuri kutokana nazo. Lakini mwembe usiotiwa dawa ni chakula cha bungua, na ule unga mweupe chini ya miguu mara nyingi ni kazi yao. Kuliko jina la mti, ulizia mbao ilipasuliwa lini. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba ubao ulioanikwa kivulini unahitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ili ukauke. Mbao iliyopasuliwa masika na kuwa kasha kabla ya vuli bado ina maji. Itakauka ndani ya nyumba yako, na kwa kuwa mbao husinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu, kifuniko kilichotengenezwa kwa ubao mmoja mpana kitapasuka au kupinda. Chumba chenye kiyoyozi kinaharakisha maafa hayo, jambo ambalo wenye nyumba za wageni za Diani wanapaswa kulijua kabla ya kuagiza makasha sita kwa mpigo. Dalili za mbao mbichi zipo: uzito usiolingana na ukubwa, ubaridi kwenye kiganja, harufu kali ya utomvu ukifungua droo. Rangi nayo isikudanganye. Weusi wa kale unaotokana na rangi ya viatu au masizi utanata kwenye kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo. Paka sehemu ya ndani ya mguu, usipake mbele. Tazama pia uchakavu uko wapi. Mikono ya watu huchakaza ukingo wa mbele wa kifuniko na sehemu ya kushikia, maji ya kudeki huchakaza miguu. Uchakavu uliotawanyika sawasawa kila mahali umetoka kwenye msasa.

Atakayesema kwamba kasha ni pambo tu, halihitaji kufunga wala kufunguka, ana hoja kwa nyumba isiyo na watu. Mgeni yeyote anayekutana na kasha hufungua kifuniko, na watoto hufungua kabla ya wageni. Kifuniko cha mbao ngumu ni kizito. Kama hakina mnyororo au mkono wa kukizuia, kitaangukia vidole au shingo. Hilo peke yake linatosha kukataa kasha ambalo bawaba zake zimeshikwa na misumari miwili. Tena pambo linalochirizisha kutu kwenye zulia na kumwaga unga wa bungua karibu na kitanda cha mbao limeacha kuwa pambo.

Hoja ya bei ni nzito zaidi, na sitaipuuza, kwa sababu si kila mtu anayetaka kasha ni mwenye hoteli. Wapo wanaomtayarishia binti sanduku la harusi kwa pesa ya kuunga. Lakini ukitazama pesa ya kasha rahisi imekwenda wapi, utakuta imekwenda usoni: njumu mia nne za bati, maua ya nakshi yaliyochimbwa kwa mashine yakarudiwa upande hadi upande, vanishi ya kung'aa. Kwa bei hiyohiyo, fundi wa Ukunda au Msambweni anaweza kukutengenezea kasha lenye njumu kidogo kwenye pembe na kufuli tu, bila droo za chini, lakini lenye mbao kavu, pembe za meno na bawaba za shaba tupu. Mwambie hivyo waziwazi: punguza nakshi, ongeza viungo. Njumu zinaweza kuongezwa miaka ijayo pesa ikipatikana. Viungo havirudiwi bila kulivunja kasha.

Linabaki suala la adabu, nalo si dogo kwetu. Wengi wanaona kwamba kumgeuzia fundi kazi yake juu chini mbele ya watu ni kumdhalilisha. Naliona kinyume. Fundi aliyefanya kazi vizuri chini hana njia nyingine ya kuonyesha tofauti yake na jirani anayeuza bei nusu, kwa sababu kwa mbele wanafanana. Anayeumia na ukaguzi ni yule aliyetegemea usikague. Na ukweli mchungu ni kwamba ujanja wa kuzeesha mbao umeenea kwa sababu wanunuzi tunaudai: kasha jipya lenye rangi yake halisi linakaa dukani, lililopakwa masizi linaondoka. Msalimie mzee wa karakana vizuri, mwombe ruhusa, sema, "Fundi, naomba nilione chini," na ukiona kazi safi msifu mbele ya hao hao watu. Ukimwambia mapema kwamba unataka kasha jipya lionekane jipya, umemwondolea sababu ya kudanganya.

Mkikubaliana, andikeni. Risiti isiishie kwenye "kasha 1". Iseme kasha jipya, mbao ya mti gani, bawaba na njumu za shaba tupu, jina la aliyelitengeneza na mwezi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupata habari anazohitaji juu yake. Bila maelezo yaliyoandikwa, haki hizo zinakosa pa kushikia. Mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili, ingawa mara nyingi risiti yenye maneno kamili humaliza ugomvi dukani. Kama unaagiza kasha litengenezwe, toa sehemu ya pesa ya vifaa, nenda uone mbao kabla hazijakatwa, na mkubaliane kiasi kitakacholipwa baada ya kaskazi ya kwanza. Fundi anayejua mbao zake zimekauka hataliogopa sharti hilo.

Na kama kasha bovu limeshafika nyumbani, usikimbilie vanishi. Kupaka vanishi juu ya mbao yenye maji kunafungia unyevu ndani, na juu ya bungua kunawafunika tu. Ng'oa kwanza misumari na bawaba za chuma kabla kutu haijaenea, weka za shaba, ukisogeza matundu ya skrubu kidogo ili zishike mbao mpya. Pitisha dawa ya wadudu kwenye matundu kwa bomba la sindano, kisha acha kasha mahali penye hewa, mbali na kiyoyozi na mbali na jua la moja kwa moja, hadi lipite msimu mzima wa kiangazi. Kifuniko kitakapokuwa kimemaliza kupinda ndipo fundi akipige randa. Akikipiga kabla, atakirudia.